Damu Ndani ya Mzizi

Kama umesomea shule ya msingi hapa Mombasa, karibu nina hakika umewahi kupelekwa Haller Park. Basi la shule limejaa mpaka mlangoni, kila mtu ana chupa ya juisi na chapati mbili kwenye karatasi, mwalimu anahesabu vichwa kila baada ya dakika kumi. Mnawalisha twiga. Mnawaogopa mamba. Halafu mnasimuliwa habari za Owen, yule kiboko mdogo aliyekwama baharini Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaletwa Bamburi na kumganda kobe mkongwe aliyeitwa Mzee kana kwamba ndiye mamake. Dunia nzima iliandika kuhusu wale wawili. Watoto wa ng'ambo wana vitabu vyao.

Mimi nilikwenda nikiwa darasa la tano. Nakumbuka twiga, nakumbuka harufu ya mamba, nakumbuka mwenzangu aliyetapika ndani ya basi tukipita Bombolulu. Sikumbuki mti hata mmoja. Hakuna aliyetuambia tuangalie juu, na hakika hakuna aliyetuambia tuangalie chini. Na hadithi yenyewe ilikuwa chini.

Pale tuliposimama palikuwa shimo. Si shimo la kufikirika. Timbo kabisa, la kuchimba mawe ya saruji. Msitu wote ule umeota juu ya sakafu ya mwamba isiyokuwa na udongo. Nilikuja kulijua hilo miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaacha chuo na ninaandika vijipande vya kulipia chumba. Tangu siku hiyo swali limenikaa kichwani: mti unakula nini mahali pasipo na udongo?

Timbo

Kampuni ya saruji ya Bamburi iliundwa mwaka 1951, na kiwanda kikaanza kazi 1954. Sababu ya kukiweka hapa ni rahisi. Pwani yetu ya bara, kutoka Kisauni kwenda juu na Likoni kwenda chini, imekaa juu ya matumbawe ya kale. Zamani sana, bahari ilipokuwa juu kuliko ilivyo leo, hapa palikuwa mwamba hai chini ya maji. Bahari ikarudi nyuma, matumbawe yakabaki juu, yakawa mawe. Ukiyachoma pamoja na udongo wa mfinyanzi unapata saruji. Nyumba za Mtopanga, maghorofa ya Nyali, kuta za shule niliyosomea, nyingi zimetoka kwenye shimo kama lile.

Nataka uliweke hili akilini kwa sababu tutalirudia: matumbawe hayajengwi na mnyama peke yake. Kile kijinyama cha tumbawe kinaishi na mwani mdogo sana ndani ya mwili wake. Mwani unapika chakula kwa jua, kijinyama kinampa makao. Wakitengana, tumbawe linakuwa jeupe na mara nyingi linakufa. Kwa hivyo hata jiwe tunalokanyaga Kisauni ni matokeo ya ushirika wa wawili, mmoja wao haonekani kwa macho.

Kufikia miaka ya 1970 kiwanda kilikuwa kimeacha nyuma yake jangwa. Mwamba mtupu, mweupe, joto la kufika nyuzi 40, na maji ya chumvi yakiwa karibu tu chini ya sakafu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswizi, René Haller, aliyekuwa ameajiriwa na kampuni tangu 1959, akaanza kujaribu kupanda miti mle. Alijaribu aina 26. Baada ya miezi michache tatu tu zilikuwa hai: mnazi, mti wa damas unaojulikana sana upande wa Somalia, na mvinje.

Mnazi tunaujua. Damas umezoea ukame na chumvi. Lakini uliogeuza lile shimo kuwa msitu ni mvinje, na mvinje ndio unaotupeleka chini ya ardhi.

Mti usio na haya

Watu wa Pwani hawahitaji kutambulishwa kwa mvinje. Unaotesha majani membamba kama sindano, upepo ukipita unavuma kama mtu anayenong'ona. Magogo yake ni boriti na nguzo. Ukipanda kuelekea Kilifi na Gede utaona mashamba mazima ya mivinje, watu wanasomesha watoto nayo. Kule Tanzania kuna mji mkongwe wa Kilwa Kivinje, jina lenyewe limebeba mti. Mvinje unaota mchangani, kando ya maji ya chumvi, mahali ambapo mhindi ungekufa ndani ya wiki mbili. Wazee huuona kama mti usio na haya: popote unajikaribisha.

Ila hakuna mti unaoishi kwa ukaidi. Kila mmea unahitaji naitrojeni kujenga majani yake. Hewa tunayovuta ni karibu asilimia 78 naitrojeni, lakini ile ya hewani imefungwa vibaya sana. Mmea hauwezi kuifungua. Ni kama kukaa na njaa ndani ya duka lililofungwa kwa kufuli. Kwa kawaida mmea hupata naitrojeni kutoka kwa mabaki yaliyooza udongoni. Sasa kwenye timbo, kilichooza kiko wapi?

Jibu liko kwenye mizizi ya mvinje. Ukiufukua mvinje mchanga wenye afya utakuta vifundo vilivyoshikana kama tumbawe dogo. Ndani yake wanaishi bakteria wanaoitwa Frankia. Hao ndio wenye ufunguo wa kufuli. Wanaichukua naitrojeni ya hewani, wanaigeuza iwe ya kulika, wanaupa mti. Mti nao unawalipa kwa sukari kutoka majanini. Biashara bila karatasi.

Jina Frankia lina historia yake. Huko Ujerumani, Albert Bernhard Frank alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kusema wazi kwamba viumbe viwili tofauti vinaweza kuishi pamoja bila mmoja kuwa mnyonyaji. Mwaka 1885 ndiye aliyelipa jina lile shirikisho la kuvu na mizizi ya miti. Mwaka uliofuata, mwanafunzi wake Mnorwe, Jörgen Brunchorst, akamwita kile kiumbe cha kwenye vifundo kwa jina la mwalimu wake. Lakini kupewa jina si kukamatwa. Kwa zaidi ya miaka 90 hakuna aliyeweza kumtoa Frankia mzizini na kumkuza peke yake kwenye chupa. Alipofanikiwa kukuzwa mara ya kwanza, nchini Marekani, ilikuwa 1978, na hata hapo alitoka kwenye mmea mwingine, si mvinje.

Fanya hesabu. Mivinje ya kwanza ya Bamburi iliingia mwambani 1971. Kwa miaka saba, kiumbe aliyekuwa akiulisha ule msitu hakuwa amewahi kuishi ndani ya chupa ya maabara popote duniani. Kazi ilitangulia elimu. Hilo sisi tulioacha darasa linatufariji kidogo, msituonee.

Jongoo

Halafu tatizo la pili. Mivinje ikakua, ikaanza kumwaga sindano. Zikajaa chini kama zulia, na hazikuoza. Majani ya mvinje yana uchachu unaowashinda bakteria wa kawaida. Msitu ulikuwa unajizika wenyewe kwa takataka kavu. Miti iko, kivuli kipo, udongo hakuna.

Aliyeokoa ni jongoo. Yule mweusi mwenye miguu myekundu, ambaye watoto wa Pwani tunamgusa kwa kijiti ili ajikunje. Haller aliona jongoo wakizila sindano za mvinje, akawaleta mamia ndani ya timbo. Jongoo anatafuna, tumboni mwake kuna bakteria wanaomsaidia, na kinachotoka nyuma ni chembe laini ambazo bakteria wengine na kuvu wanaweza sasa kuzimaliza. Mvua ilipokuja, jongoo wakazaana. Taratibu, mwaka hadi mwaka, juu ya jiwe kukaanza kuwa na tabaka jeusi. Udongo. Miti mingine ikapandwa humo, ndege wakaleta mbegu zao, mabwawa ya samaki yakachimbwa. Mwaka 1984 wageni wakafunguliwa njia ya kutembelea. Mwaka 1987 Haller akaingizwa kwenye orodha ya heshima ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ile ya Global 500. Baadaye bustani ikapewa jina lake.

Simnyimi sifa. Kupanda mti wa 24 baada ya 23 kufa kunahitaji moyo. Lakini nikisoma masimulizi ya timbo lile, naona jina moja, la mtu mmoja. Siyaoni majina ya waliobeba miche chini ya jua lile, waliotoboa mwamba, waliokusanya jongoo kwa mikono. Walikuwa watu wa hapa, wengine pengine wa mtaa ninaokaa. Historia ya udongo inafanana na udongo wenyewe: wanaoonekana ni wa juu, wanaofanya kazi ni wa chini.

Kunde mwenyeji, soya mgeni

Tuondoke timboni twende jikoni. Asubuhi Mombasa ni mahamri na mbaazi za nazi, na kama huzili nakupa pole. Mbaazi, kunde, pojo: hizi ni jamii ya mikunde, na zote zina siri sawa na ya mvinje, ingawa bakteria wao ni wa ukoo mwingine, wanaoitwa rizobia.

Waliothibitisha hili kisayansi ni Wajerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth. Mwaka 1886 Hellriegel alitangaza mjini Berlin kwamba njegere iliyopandwa kwenye mchanga usio na uhai inadumaa, lakini ukiongeza maji kidogo yaliyopitishwa kwenye udongo wa shamba inastawi, hata bila mbolea. Shayiri haifanyi hivyo. Kwa hivyo kulikuwa na kitu hai ndani ya yale maji. Mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck akawatoa bakteria wenyewe kwenye vinundu na kuwakuza. Mwaka huohuo kampuni ya Waingereza, IBEA, ilikuwa inapewa hati ya kifalme ya kuitawala pwani hii na bara lake. Mwaka 1896, reli ya Uganda ikianza kutandazwa kutoka Mombasa, Wajerumani Nobbe na Hiltner walikuwa wanapata hataza ya kuuza rizobia kama bidhaa. Waliiita Nitragin. Biashara ya bakteria wa shamba ina umri sawa na reli yetu.

Mkulima wa Likoni wa wakati ule hakuhitaji Nitragin. Kunde ni zao la Afrika. Limekaa kwenye udongo huu maelfu ya miaka na bakteria wake wako tayari. Ndiyo maana bibi yangu, ana kishamba cha nyuma ya nyumba kule Mtongwe, huchanganya mahindi na kunde na hajawahi kununua mbolea ya kunde maishani mwake. Kwake kunde haili mbolea, inaileta.

Soya ni habari nyingine. Asili yake ni Asia ya mashariki. Ilipoanza kusafirishwa duniani, wakulima waligundua jambo la ajabu: mbegu inaota, mmea unakuwa wa manjano, mavuno kiduchu. Mbegu ilisafiri, bakteria wake wakabaki nyumbani. Rizobia wa soya ni wachaguzi, na soya yenyewe ni mchaguzi. Kwenye udongo wa Afrika ilikuta bakteria wa kunde wamejaa, ikawakataa. Mgeni amefika mjini, amezungukwa na watu, na hana wa kuongea naye.

Hapo historia ikapasuka njia mbili, na zote zimepita Afrika.

Njia ya kwanza: mletee mgeni jamaa zake. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kampasi ya Kabete, kulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kituo cha MIRCEN kwa msaada wa UNESCO na UNEP. Hapo ndipo ilipotengenezwa Biofix: rizobia waliochanganywa na tope la viwanda vya sukari, wakatiwa kwenye pakiti. Kwa soya, bakteria anayetumika ni yule anayejulikana kwa namba, USDA 110. Profesa Nancy Karanja ni mmoja wa waliobeba kazi hiyo kwa miaka mingi. Mwaka 2008 kampuni ya MEA ikapewa leseni ya kuitengeneza kibiashara, na mwaka uliofuata mradi wa N2Africa ukaanza kuisambaza elimu hii kwa wakulima wa nchi kadhaa, Kenya ikiwemo.

Kuitumia si jambo gumu, ila lina adabu zake. Unalowesha mbegu kwa maji yenye gundi kidogo, unamwagia ule unga mweusi, unachanganya mpaka kila mbegu ivae, unapanda siku hiyohiyo udongo ukiwa na unyevu. Usiianike juani. Usiichanganye na dawa ya kuua kuvu wala mbolea ya chumvichumvi. Hawa ni viumbe hai. Ukiwaacha juu ya bati la Kisauni saa saba mchana utapanda maiti.

Njia ya pili: mfundishe mgeni lugha ya wenyeji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, taasisi ya IITA kule Ibadan, Nigeria, ilianza kuzalisha soya isiyochagua, inayokubali bakteria wa kunde waliomo udongoni. Wanasayansi waliipa tabia hiyo jina la Kiingereza ambalo bibi yangu asingependa nilitafsiri. Mbegu zake zinaanza na herufi TGx. Mojawapo, TGx 1740-2F, ndiyo iliyofika mashamba ya magharibi mwa Kenya ikiitwa SB19.

Mimi ni mtu wa Mombasa, mji ambao kila mtu babu yake alishuka kutoka mahali fulani. Siwezi kusoma hadithi hii bila kucheka. Mabishano ya mji mzima yamo ndani ya mzizi wa soya: mgeni aje na watu wake, au ajifunze kukaa na aliowakuta? Jibu la wataalamu limekuwa ni yote mawili. Hata ile soya isiyochagua mara nyingi huzaa zaidi ikipewa bakteria wake.

Walinzi wa mlangoni

Kulisha ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni ulinzi.

Soya ina maadui wengi. Kuna ugonjwa wa kutu wa majani, ambao uliripotiwa Kenya, Uganda na Rwanda mwaka 1996 na unasafiri kwa upepo. Huo bakteria wa udongoni hawauzuii moja kwa moja. Lakini kuna maradhi yanayotoka chini: miche kuanguka ingali michanga, mizizi kuoza, shina kunyauka na kuwa jeusi kama makaa ndani hasa kukiwa na joto na ukame. Hayo huletwa na kuvu zinazokaa udongoni zikingoja, wakati mwingine miaka.

Mwaka 1932 Richard Weindling alieleza alichokiona kwa darubini: kuvu iitwayo Trikoderma ikijizungusha kwenye nyuzi za kuvu nyingine iletayo ugonjwa, ikiikaba na kuila. Kuvu inayokula kuvu. Leo hiyo Trikoderma inauzwa Kenya kwenye maduka ya pembejeo, na kuna bakteria kama Bacillus subtilis wanaofanya ulinzi kwa njia nyingine: wanafika mapema, wanakalia nafasi zote kwenye mzizi, wanatoa kemikali zinazomfukuza adui, na wakati mwingine wanauamsha mmea ujilinde wenyewe kabla hajashambuliwa. Mtu yeyote aliyewahi kugombania nafasi kwenye feri ya Likoni anaelewa kanuni hii. Aliyekaa mapema ndiye aliyekaa.

Kwa hivyo mzizi wenye afya hauko safi. Umejaa. Nadhani hapa ndipo tulipopotoshwa tukiwa wadogo: tulifundishwa vijidudu ni vya kuuawa, nawa mikono, nyunyiza dawa. Mikono nawa, tafadhali. Lakini udongo ulionyunyiziwa mpaka ukawa hauna kitu ni timbo jingine, hata kama unaonekana mweusi.

Gunia kutoka bandarini

Sasa kwa nini jambo hili limhusu kijana wa Changamwe asiye na hata chungu cha mchicha dirishani?

Kaa kando ya barabara pale Changamwe uhesabu malori. Sehemu kubwa ya mbolea inayoliwa na mashamba ya Kenya, na ya majirani zetu, hushuka kwenye bandari yetu. Mwaka 1909 Mjerumani Fritz Haber alionyesha namna ya kuifungua ile naitrojeni ya hewani kwa nguvu. Mwaka 1913 Carl Bosch akalifanya liwe kiwanda. Kinachohitajika ni joto la mamia ya nyuzi, mgandamizo mkubwa mno, na gesi nyingi ya ardhini. Bila uvumbuzi huo mabilioni ya watu wasingepata chakula. Si wa kubezwa. Lakini maana yake ni kwamba ugali wa Kenya umefungwa kamba na bei ya gesi huko mbali. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza 2022, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ukapita shilingi 6,000. Serikali ikaingiza ruzuku, ukashuka mpaka 3,500 Septemba ya mwaka huo, na baadaye 2,500. Mama wa kuuza mboga Kongowea hakuhitaji kuambiwa habari za Ukraine. Aliziona kwenye sukuma.

Na hapo kuna kiumbe chini ya kunde anayefanya kazi ileile bila kiwanda, kwa joto la udongo tu, akilipwa sukari.

Ila tusidanganyane. Palipo na matumaini pana wachuuzi. Soko la dawa za udongo limejaa chupa zenye maneno matamu. Kuanzia 2009 watafiti walizipima zaidi ya bidhaa mia moja za aina hiyo zinazouzwa Kenya, Nigeria na Ethiopia, na nyingi hazikufanya lolote la maana. Rizobia wa mikunde walikuwa miongoni mwa chache zilizofanya kazi kweli. Pia bakteria hawaleti fosforasi isiyokuwepo, hawapendi udongo wenye tindikali nyingi, na joto kali linawaua. Anayekuambia chupa moja inamaliza matatizo yote, mwulize kwanza aliitunza wapi.

Wakati ni wa nani

Kitu kinachonisumbua zaidi kuliko chupa feki ni wakati.

Ukisoma tena hadithi ya timbo, utaona kilichofanya kazi si mvinje peke yake, wala Frankia, wala jongoo. Ni miaka. Kampuni iliweza kungoja kwa sababu ardhi ilikuwa mikononi mwake. Hakuna aliyekuja na greda asubuhi kuuliza hati iko wapi. Sindano zikaanguka, jongoo wakala, tabaka likaongezeka unene wa kucha, kisha wa kidole.

Vuka feri uje Likoni. Hapa kuna shamba la Waitiki, ekari 930, ambapo maelfu ya watu waliishi miaka na miaka wakiitwa wavamizi, mpaka serikali ikalinunua na hati zikaanza kutolewa Januari 2016. Kwa watu wale, kila mkunde uliopandwa kabla ya hapo ulikuwa kamari. Nani anajenga udongo wa miaka kumi mahali anapoweza kufukuzwa kesho? Unapanda kinachoiva haraka, unavuna, unaacha ardhi ikiwa imechoka zaidi. Halafu anakuja mtu na miwani anaandika kwamba wakulima wa Pwani hawajui kutunza udongo.

Wanajua. Bibi yangu anajua. Alichokosa kwa sehemu kubwa ya maisha yake ni uhakika kwamba atakayekula faida ya ule udongo atakuwa yeye au mjukuu wake. Vijidudu havisomi hati miliki, lakini vinaihitaji, kwa sababu kazi yao inalipa polepole, na polepole ni ya mwenye pahala pake.

Mwezi uliopita nilikwenda Mtongwe nikamwomba aning'olee mkunde mmoja. Akaniangalia kama mtu aliyepungukiwa. Shikamoo zote nilizompa hazikutosha. Ilibidi nimwahidi kumletea sukari. Akaung'oa mwenyewe, taratibu, akaukung'uta mchanga. Mizizi ilikuwa imejaa vinundu vidogo, kama shanga. Nikakikata kimoja kwa ukucha.

Ndani palikuwa pekundu. Waridi lililoiva, rangi ya nyama. Nilikuwa nimeisoma hii: ndani ya kinundu mmea hutengeneza kitu cha ukoo mmoja na kile kinachoipa damu yetu rangi, na kazi yake pia ni kubeba oksijeni, ili bakteria wasizidiwe nayo. Kinundu chekundu kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kinachoendelea humo. Ndiyo kipimo cha shambani, hakihitaji maabara wala digrii.

Nikamweleza bibi yote haya, Frank na Beijerinck na Biofix, nikiwa nimeshika kile kinundu kama mhadhiri. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauchukua ule mkunde mkononi mwangu, akachuma majani mazuri akayaweka kwenye sinia kwa ajili ya mboga ya usiku, na mizizi akaifukia tena palepale ulipotoka, akaikanyagia kwa kisigino.